Mwili wa Mtemi

Ikulu, Usongela
kwa njia ya Tura
9 Februari 1953

Kwako Anton Lugembe, mdogo wangu,

Salamu zitakuja baadaye. Kwanza nataka jibu. Shaban muuza nguo alishuka Tura juzi akitokea Tabora, akaja hapa kumwamkia Mama, na alipokwisha kunywa maji akasema amekuona. Nikafurahi, nikamwuliza umependeza? Akainama akacheka kicheko cha aibu. Mama akambana aseme. Ndipo akasema alipita nyuma ya shule yenu akakuona umeshika jembe, peku, kaptura imekubana, unapiga tuta la mboga pamoja na watoto wa watu. Mama aliangusha upawa.

Lugembe, wewe hujashika jembe tangu uzaliwe. Ulibebwa mpaka wabebaji wakawa wanapokezana, na bado hukuachwa utembee juani. Watu wa Usongela wakikuona ulivyojaa, shingo imefanya mikunjo, hupiga makofi na kusema nchi itashiba. Wazee wanajua kiti ni chako kwa sababu ya damu yako na kwa sababu ya mwili wako. Mtemi mwembamba ni nchi yenye njaa, nani asiyelijua hilo? Sasa ni mwalimu gani huyo anayemfundisha mtoto wa mtemi kazi ya vibarua?

Tena kuna jambo la pili, ndilo limenikera zaidi. Debe la samli na kibuyu cha asali tulivyokupelekea mwezi uliopita vimerudi stesheni ya Tura, vimefungwa vilevile kama nilivyovifunga kwa mkono wangu, na karatasi juu yake inasema chakula cha nyumbani hakiruhusiwi. Wametuona sisi wachawi?

Baba anapumzika. Umelelewa hapa, unajua kwamba mtemi haulizwi hali yake wala hali yake haitiwi kwenye karatasi. Anapumzika, basi.

Jibu upesi. Mama hali vizuri kwa ajili yako.

Ni mimi dada yako,
Koleta


Shuleni, Tabora
22 Februari 1953

Dada Koleta, shikamoo.

Shaban hakusema uongo, ingawa angeweza kufunga mdomo wake. Nimeshika jembe, na viganja vyangu vimetoka malengelenge. Mwambie Mama asilie, kwa sababu nalia mwenyewe ya kutosha.

Chanzo cha yote ni Mwalimu Bernardo, mgeni aliyehamia mwaka huu. Ameanzisha Chama cha Afya, na si chama cha hiari. Mwezi uliopita alimleta daktari mmoja Mhindi, mfupi, mwenye miwani, akatupima darasa zima. Tulipanda benchi na kushuka, kupanda na kushuka, huku yeye ametega sikio vifuani mwetu. Wenzangu walimaliza wakicheka. Mimi macho yaliingia giza nikaanguka chini mbele ya watu. Darasa likacheka, lakini daktari hakucheka. Alimwambia Mwalimu Bernardo kwamba moyo wangu unapiga kama wa mzee aliyepanda mlima, na mimi nina miaka kumi na sita.

Dada, nilishtuka. Sijawahi kuambiwa na mtu kwamba mwili wangu una kasoro. Kwetu unapigiwa makofi.

Sasa sisi watoto wa watemi na wa matajiri, wale wote waliojaa, tumewekwa mbele kabisa. Asubuhi tunakimbia kabla ya kengele. Jioni tunalima bustani na tunakula tulicholima: matembele, mlenda, maharage, na ugali kiasi cha kila mtu. Kila Jumamosi Mwalimu Bernardo anatufundisha chakula kinafanya nini ndani ya mtu. Anasema unene wa kijana si baraka, ni mzigo utakaomlemea ukubwani. Maneno hayo angeyasema Usongela angefukuzwa na mbwa.

Tena yule daktari aliniuliza maswali ya ajabu. Baba yako ni mnene kama wewe? Anakunywa maji mengi? Anatoka mara nyingi kwenda haja ndogo? Niliduwaa mpaka nikasahau adabu. Nilimjibu kwamba kwetu mtu akiuliza hayo juu ya mtemi hutozwa ng'ombe. Akasema samahani, akafunga mkoba wake.

Nakuomba, dada yangu, asali hata kidogo. Ifiche ndani ya michembe ya viazi, Shaban aniletee. Nina njaa ambayo sijapata kuijua.

Mdogo wako mwenye mateso,
Lugembe


Ikulu, Usongela
26 Aprili 1953

Mdogo wangu,

Asali hiyo, chini ya michembe, imefungwa kwenye kitambaa cheusi. Kula ukiwa peke yako. Huyo Bernardo akiiona mwambie ni dawa ya kifua.

Nilimsomea Mama barua yako, nikaruka pale pa kuanguka benchini. Angekufa. Nilimsomea pa maharage tu, na hapo pekee alishika kichwa. Anasema maharage ni chakula cha njiani, walikula wapagazi wa misafara enzi za bibi, wakila huku wamesimama na mizigo kichwani. Mtoto wake amekuwa mpagazi shuleni.

Na yule daktari wako, ana wazimu? Kuuliza haja ya mtemi! Ulimjibu vizuri.

Mimi siku hizi sitoki jikoni. Chakula cha Baba nakipika mwenyewe, Mama hataki mkono wa mtu mwingine. Uji wa ulezi, maziwa, samli, na asali kwa wingi, kwa sababu anaipenda na inamfaa. Baba haketi tena barazani, kwa kuwa upepo wa asubuhi si mzuri. Mashauri anayasikiliza kutoka ndani, pazia limeshushwa. Watu wamezoea.

Kero yangu ni sisimizi. Wamevamia ua wa nyuma ya nyumba ya Baba, pale anapotoka usiku, wamejaa chini mpaka ardhi inatembea. Nimemwaga majivu, nimemwaga maji ya moto, hawaondoki. Wakitoka hapa wataniingilia jikoni.

Jambo moja sasa, na usibishane nami. Likizo ya mwezi wa sita usije. Baki Tabora. Usiniulize kwa nini, na usimwandikie Baba kuuliza.

Ni mimi,
Koleta


Shuleni, Tabora
12 Julai 1953

Dada Koleta, shikamoo.

Nimekaa likizo nzima kwenye bweni tupu na sijui kosa langu. Je, Baba amenikasirikia kwa ajili ya jembe? Kama ndivyo, mwambie mwana wake hajatia aibu. Kama sivyo, niambie mwenyewe, maana nimefikiri mpaka nimechoka.

Asali yako niliipokea. Nilionja kijiko kimoja, kisha nikaigawa bwenini. Usishangae. Kesho yake nilikuwa niwaambie watoto wa shule za chini, mbele ya walimu wao, kwamba asali ni tamu lakini si ya kunywa kama maji, na niliona haya kuyasema hayo na mdomo bado unanata. Chama cha Afya sasa kinatembea. Tunakwenda shule hata shule, tunaimba, tunaigiza. Mimi ndiye Bwana Tumbo. Nafungwa mito miwili chini ya kanzu, naita watumishi waje wanikune mgongo, na watoto wanacheka mpaka wanagaragara. Mwisho wa mchezo nyumba inashika moto, watumishi wanakimbia, na Bwana Tumbo hawezi kuinuka. Hapo wanaacha kucheka. Mwalimu Bernardo anasema kicheko ndicho kinachofungua mlango wa somo.

Nilianza kwa kuchukia, nakiri. Lakini Dada, juzi nilikimbia kutoka shuleni mpaka Kitete na kurudi, na sikusimama. Nilipofika nilitaka kuendelea. Hujui maana ya kuamka asubuhi na mwili hausemi neno. Zamani hata kufunga viatu nilimwita mtu.

Kuna jambo nimewawekea. Sitaliandika. Mtaliona Desemba nikishuka kwenye treni, wewe na Mama na Baba, na mtashika midomo. Usimdokeze Mama, usiniharibie.

Mdogo wako,
Lugembe


Ikulu, Usongela
11 Agosti 1953

Lugembe,

Moto wa ikulu umezimwa. Unajua unazimwa kwa jambo gani.

Njoo na treni ya kwanza. Usimwambie mtu wa njiani kitu. Watu watakungoja Tura na kiti cha kukubebea. Vaa kanzu yako kubwa, wazee wote watakuwa wanakutazama.

Koleta


Shuleni, Tabora
6 Septemba 1953

Dada Koleta,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi. Nilipokuwa huko hatukupata nafasi ya kusema, kila mlango ulikuwa na mtu. Sasa nasema.

Nilishuka Tura nimevaa ile kanzu kubwa kama ulivyoagiza, ikanipwaya, nikaikusanya mkononi. Wabebaji walikuwepo na kiti. Nikawaendea. Walinipita, wakaenda kuchungulia behewa la nyuma. Mzee Kashindye, aliyenibeba mgongoni utotoni na sasa ndiye mkubwa wa wanyampala wanaochagua mtemi, alisimama mbele yangu akanitazama usoni, akaniuliza kijana, Lugembe yuko wapi? Nikasema ni mimi, babu. Alirudi nyuma. Dada, yule mzee alirudi nyuma kama mtu aliyekanyaga nyoka.

Nami nilikuwa nimejiandaa kucheka. Niliwaza mtashangaa, halafu mtafurahi.

Nilipoingia uani, Mama aliniona akapiga ukunga. Alikuwa amekwisha kumlilia Baba, sauti ilikuwa imemkauka, na bado alipiga ukunga mpya kwa ajili yangu. Wanawake wakaitikia. Wakanililia mimi, nimesimama, nina macho, nawasikia. Wewe ulifunika uso na khanga. Hakuna aliyenigusa.

Kisha wakaniingiza kwa Baba. Alikuwa amekwisha kufungwa kwenye ngozi ya ng'ombe dume, nikauliza Baba yuko wapi, kwa maana nilidhani ule ni mzigo wa vitu vya kuzikwa naye. Baba alikuwa hapiti mlangoni bila kugeuka ubavu. Kile kilichokuwa pale hata mimi peke yangu ningekiinua.

Mlinificha. Mwezi hadi mwezi uliniandikia upepo wa asubuhi, sisimizi, pazia. Ningekuja. Ningemkuta anaongea. Ulinizuia likizo ili nisione, na sasa sina neno la mwisho la baba yangu hata moja.

Sikuulizi kwa ubaya. Nakuuliza kwa sababu silali.

Lugembe


Ikulu, Usongela
20 Septemba 1953

Mdogo wangu,

Umenipiga na barua hii, na sina pa kukimbilia kwa sababu ni kweli. Nilikuficha. Lakini sheria hii hukuitunga wewe wala mimi. Mtemi hakondi. Akikonda, haonekani. Umesikia tangu utoto watemi wa kale walioonwa wagonjwa walifanywa nini na wazee ili nchi isife nao. Siku hizi kuna Bwana DC, hayafanyiki, lakini hofu haijahama. Mama aliniapisha kwa Bikira Maria na kwa mizimu, vyote viwili, ili asikosee.

Na wewe je? Ulinificha nini? "Mtashika midomo," uliandika. Tumeshika, Lugembe. Ungeniandikia neno moja tu kwamba umepungua, ningekuambia usije hivyo, ningekufunga shuka ndani ya kanzu, ningefanya lolote. Wewe ulitaka kutushangaza. Haya, tumeshangaa.

Sasa sikia jinsi mambo yalivyo. Wanyampala ndio waliomwosha Baba. Waliona mwili ule. Walikuwa bado mikono haijakauka ulipoingia wewe, mashavu yamekwisha, shingo imetoka mishipa. Kwa macho yao ni ugonjwa mmoja umetoka kwa baba ukaingia kwa mwana. Niliwaambia ni shule, ni mbio, ni maharage. Mzee Kashindye akaniuliza ni nani duniani mwenye chakula anayejikondesha kwa makusudi. Hata mimi siamini sana, nakuambia kweli.

Justus, mtoto wa baba mdogo, yupo hapa tangu matanga. Unajua alivyo, analala mpaka jua kali, analishwa na mama yake kwa mkono. Kila akipita wazee wanamtazama vizuri.

Wamekata shauri hivi. Kiti hakikaliwi mpaka baada ya mavuno. Wewe uache shule Desemba, uje uwekwe ndani, ulishwe. Ukirudi kuwa na mwili wa mtemi, kiti ni chako, moto unawashwa kwa mkono wako. Usiporudi, ni cha Justus. Na akikaa Justus, unajua desturi, nyumba ya mtemi aliyepita inabomolewa na watu wake wanatoka. Mama ametawala ua huu tangu akiwa mwari. Atakwenda kumlimia nani? Mimi nami nimekwisha kurudi kutoka kwa mume, sina pengine.

Kwa hiyo kula, mdogo wangu. Nakuomba kwa magoti. Kula si kazi ngumu. Mimi mwenyewe nitakupikia, najua jinsi ya kumpigania mtu. Baba nilimpigania. Alipoanza kupungua niliongeza asali kwenye uji. Alipozidi kupungua nilizidisha. Mwishoni alikuwa anakunywa kibuyu kizima, halafu maji, halafu asali, mtungi wa maji uko kitandani pake, na kila nikimaliza kumlisha alinishika mkono akasema nimekuwa mama yake. Alikula mpaka siku ya mwisho, Lugembe. Sikumnyima kitu.

Koleta


Shuleni, Tabora
4 Oktoba 1953

Dada yangu Koleta, shikamoo.

Tafuta pa kukaa kabla hujaendelea, na usimsomee Mama barua hii.

Nilimpelekea Mwalimu Bernardo barua yako ili nimwombe ruhusa ya kuacha shule. Aliisoma, akasimama, akanichukua mpaka hospitali kwa yule daktari. Akamwambia, isome. Daktari alisoma mpaka pale ulipoandika juu ya uji na mtungi wa maji, akavua miwani. Akaniuliza jambo moja tu: pale Baba alipokuwa akitokea haja ndogo, kulikuwa na sisimizi? Nikamwambia ndiyo, dada yangu alimwaga majivu, hawakuondoka.

Anasema ni ugonjwa wa sukari. Si uchawi wala si laana ya kiti. Mwili unashindwa kuitumia sukari iliyomo kwenye chakula, basi sukari inajaa katika damu na kutoka na mkojo, ndiyo sisimizi wanaifuata. Mtu ana kiu isiyokwisha. Anakula na huku anakonda, kwa kuwa chakula kinampita kama maji kwenye tenga. Na kitu kinachomharakisha ni utamu. Dada, ni asali.

Nimeandika neno hilo nikalifuta, nikaliandika tena. Nilitaka nikufiche kama ulivyonificha. Lakini unanipikia Desemba, nami siwezi kukuacha upike bila kujua. Ulimpa kwa upendo, na daktari amesema nikuambie kwamba hata wenye shule wangekosea. Sijui kama inasaidia.

Halafu amenieleza juu yangu. Ugonjwa huu hupenda watu wa damu moja, na huwaita zaidi wanene. Ndiyo sababu aliniuliza yale maswali mwezi wa kwanza. Anasema ule mwili niliokuwa nao ulikuwa umekwisha kuanza njia ya Baba, na Chama cha Afya kimenirudisha. Nikifungiwa ndani na kulishwa, hajui kama nitafika umri wa Baba. Mwalimu Bernardo alitoka nje. Nilimwona dirishani anajifuta uso.

Nimelala nalo, nimeamka nalo. Na shauri langu ni kwamba nakuja. Sitaki Mama atolewe uani kwake uzeeni, na wewe usiwe na pa kulala, eti kwa sababu mimi nataka kukimbia mpaka Kitete. Nitakaa ndani nitakula. Pengine mwili utavumilia. Pengine nikisha kukaa kwenye kiti nitapungua tena polepole, na mtemi hafukuzwi.

Treni ya kufunga shule, kama kawaida. Nimekwisha kumwambia Mwalimu.

Mdogo wako akupendaye,
Lugembe


Choma
15 Novemba 1953

Lugembe,

Barua hii inatoka Choma, kwa mjomba. Ukiona hivyo umekwisha kuelewa nusu.

Yako ilinikuta jikoni. Nilikaa chini kama ulivyosema, na jioni nilikuwa bado pale, moto umezimika, Mama ananiita na siitiki. Nilikuwa najitazama mikono. Lugembe, nilimshika kichwa nikamlisha. Alipogeuza uso nilimbembeleza. Kuna siku alisema inatosha, mwanangu, nikamwambia bado kidogo, kwa ajili ya nchi. Sitaandika tena juu ya hilo. Mungu ndiye atakayeniuliza.

Nilipofika pale ulipoandika "nakuja", niliogopa kuliko nilivyoogopa siku Baba alipokata roho. Nilijua nikikuandikia usije, utakuja. Una kichwa cha Baba. Nikasema basi, afadhali niwakataze wao wasikutake.

Mwanamke haingii kwenye baraza la wanyampala. Niliingia. Walikuwa wamekaa, Mzee Kashindye katikati, na Justus naye yupo pembeni anakula karanga. Nikapiga magoti, nikasema, "Mnayoyasema ni kweli. Lugembe ana ugonjwa wa Baba. Msimlishe, hatanenepa. Mpeni Justus kiti."

Kisha Mzee Kashindye akaniuliza kama naapa. Nikaapa. Nimeapa uongo juu ya mwana wa baba yangu, na wakanishukuru.

Mama alinipiga kofi mbele ya watu, na wakati wa kufunga mizigo alisema amezaa nyoka. Nyumba ilianza kubomolewa tukiwa bado uani. Hapa mjomba ametupa chumba na kipande cha shamba, ng'ombe wake wanalala karibu na dirisha. Mama analima. Hajui kulima, anafuata mimi ninavyofanya, na hasemi nami.

Ujue gharama yake. Usongela nzima inaamini unakufa. Hakuna atakayekupa binti, hakuna atakayekunywa kwenye kibuyu chako, na kiti kimekwenda na hakirudi. Nimekuua kwa mdomo wangu ili usife kwa mkono wangu. Kama utanichukia, nichukie ukiwa Tabora.

Kuna jambo lililobaki na halinipi usingizi. Kabla hatujaondoka, Justus alikwisha kuwekwa ndani ili anenepe zaidi, na nilimwona mama yake akivuka ua na kibuyu cha asali. Nilimkimbilia nikamshika mkono, nikamweleza yote, kiu, sisimizi, maneno ya daktari. Alininyang'anya mkono wake. Aliniuliza kama nataka mwanawe naye akonde kama ndugu yangu, mimi niliyeapa kwamba kukonda ni ugonjwa. Wanawake wote waliokuwepo walinisikia nikiapa. Lugembe, yule kijana ni damu yetu, ni mdogo kuliko wewe, na uongo wangu ndio uliomfungia mlango.

Mpeleke Mwalimu Bernardo Usongela, na yule daktari, na watoto wako wa mchezo na nyimbo zao. Msingoje mavuno. Wakiwafukuza, rudini tena. Lakini wewe mwenyewe usitie mguu, maana wakikuona mzima watakurudisha ndani, na yote haya yatakuwa bure.

Jana tulikuwa shambani, Mama mbele, mimi nyuma. Alisimama, akashika kiuno, akanena nami kwa mara ya kwanza tangu tuhame. Aliniuliza kama ni kweli ungekufa. Nikamwambia ni kweli, Mama. Akaniuliza kama Baba naye tungeweza kumwacha hai. Nikaitazama mikono yangu, naye akaifuata kwa macho, akaelewa. Tukakaa chini palepale kwenye matuta tukalia, na hakuna aliyekuja kutubembeleza.

Dada yako,
Koleta